Ukurasa wa Pili wa Insha ya Delana

Dayton, Ohio
8 Machi 2015

Kwako Bibi Orpha,

Shikamoo Bibi. Huku tu wazima, ila theluji imetuchosha. Mama anakusalimu, mgongo wake bado unamsumbua, lakini kazini anakwenda, na kulalamika hajaacha. Mimi niko palepale kliniki ya meno, namshikia daktari mrija wa kunyonya mate na watoto wananing'ata vidole. Soksi zimefika? Na kile kifaa cha masikio, unakivaa au kimelala kabatini pamoja na mwenzake wa mwaka juzi? Usinijibu, najua. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu tunapigiana makelele tu na hakuna anayeambulia kitu.

Bibi, zile shule sita za udaktari wa meno zimejibu zote, na zote zimenikataa, hata ile moja iliyoniita kwenye usaili. Nililia siku mbili, kisha nikampigia simu mama mmoja wa ofisi ya udahili nimuulize kosa langu. Akaniambia, "Binti, alama zako zinatosha kabisa. Insha yako ndiyo hatukuiamini."

Kila mwombaji huandika insha ya kujieleza, kwa nini anataka kazi hii. Mimi niliandika juu yako, juu ya meno yako ya harusi. Sasa naomba tena. Dirisha linafunguliwa Juni mosi, na safari hii lazima insha iaminike, maana nguvu ya kuomba mara ya tatu sina, na mama ameshaapa kwamba nikikosa nikatafute kazi nyingine.

Kwa hiyo nisaidie. Ulikuwa na miaka mingapi baba yako alipokupeleka ung'olewe meno yote? Daktari aliitwa nani? Ulilia? Andika kila kitu, hata kidogo.

Mjukuu wako,
Delana


Sycamore Lick, Kentucky
29 Machi 2015

Delana mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu tope limekula barabara, na majibu yangu yamechelewa kwa sababu yangu mwenyewe. Soksi zimefika. Denzil, huyu jirani, amenilimia bustani, viazi vimeingia chini. Vitunguu mwitu vimeshatoka mlimani, akaniletea kapu zima la kukaanga na mayai, nikawagawia watu wa kanisani. Mimi siku hizi nakula mkate wa mahindi niliouloweka kwenye maziwa, basi, unanitosha. Mwambie mama yako mgongo hauponi kwa kusimuliwa.

Pole kwa hizo shule. Hawajui wanachokikosa, na mwenye kuchagua nazi hupata koroma.

Ama hayo ya meno, tangu lini meno yangu yakawa mali ya serikali? Eti ulilia! Unataka nikulilie ndani ya bahasha? Nani kakwambia nilipelekwa? Rhonda? Siku hiyo mama yako hata hajazaliwa. Mwambie asimulie harusi zake yeye, anazo mbili.

Insha niletee niisome kwanza. Mtu haandikwi mgongoni.

Bibi yako,
Orpha Sizemore


Dayton, 12 Aprili 2015

Bibi mpenzi,

Shikamoo, na samahani kama nilikuudhi. Mama amecheka hiyo ya harusi mbili, kisha akanuna, kisha akacheka tena. Kliniki wamenipa zamu ya Jumamosi. Theluji imeyeyuka, sasa tuna mafua.

Nakutumia ukurasa wa kwanza wa insha. Wa pili wino wa mashine uliniishia, nitautuma siku nyingine, wala hauna mengi. Tafadhali soma huu, unijibu yale maswali. Zimebaki wiki saba.

Delana

"Bibi yangu Orpha alikuwa na miaka kumi na saba siku baba yake, mchimba makaa mjinga asiyejua kusoma, alipomkokota hadi mjini kwa mng'oa meno. Alikuwa anaolewa wiki ile. Kwao bonde zima liliamini kwamba zawadi bora kwa bibi harusi ni kumng'oa meno yote na kumvika ya bandia, ili mumewe asije akabeba gharama za kumtibu. Yaling'olewa yote thelathini na mawili, bila ganzi. Alilia njia nzima ya kurudi..."


Sycamore Lick, 18 Mei 2015

Delana,

Salamu. Mvua zimezidi, viazi vimeota, kuku wawili wameliwa na mbweha. Jana ilikuwa Jumapili ya kupamba makaburi. Ulisema utakuja, hukuja. Tuliweka maua kwa babu yako Hobart. Jiwe langu liko ubavuni pake kama ulivyoliacha, jina langu na mwaka wa kuzaliwa, na pale peupe pa mwaka wa kufa pananingoja. Denzil akaniuliza nilisugue kuvu? Nikamwambia liache, bado sijalihamia. Watu walikula makaburini, mimi nikarudi mapema na sahani yangu imefunikwa, nikampa mbwa.

Nimeusoma ukurasa wako. Nimeuweka chini, nimeuchukua, nimeuweka chini. Ndiyo maana umengoja mwezi.

Baba yangu Elzie Combs alisoma Biblia kwa sauti kila Jumatano na gazeti kila Jumamosi. Mjinga! Hukumwona hata siku moja. Ganzi ilikuwepo. Na meno yalikuwa ishirini na manane, si thelathini na mawili. Msichana wa miaka kumi na saba magego ya mwisho ayapate wapi? Na wewe ndiye unayetaka udaktari wa meno! Ningekuwa mimi hiyo shule ningekukataa kwa hilo tu.

Jambo jingine. Ukurasa umekatika katikati ya sentensi. Umeandika, "Na mwezi wa Februari, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, bibi yangu", halafu basi, karatasi imekwisha. Bibi yako alifanya nini? Nimejaribu kukumbuka. Februari ile nilikuwa hapahapa ndani, barafu hadi dirishani, nashona kile kitambaa chako cha kitanda. Hilo nalo la kuandikia watu wa chuo?

Niletee huo ukurasa wa pili. Habari za wino sizitaki, kalamu unayo.

Bibi


Dayton, 24 Mei 2015

Bibi,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima. Leo sina habari nyingine za kuipamba barua.

Wino haukuisha. Ukurasa wa pili nilikuwa nao mezani siku ile nikiufunga ule wa kwanza kwenye bahasha. Nimeona niunakili kwa mkono wangu, nisije nikapata kisingizio kingine.

"...bibi yangu alifariki. Jipu la ufizi chini ya meno yale ya bandia liliingia kwenye damu. Nilimshika mkono hadi mwisho. Siku hiyo niliapa kwamba hakuna mtu wa milima yetu atakayekufa tena kwa sababu ya kinywa."

Sikukushika mkono, Bibi. Nilikuwa maktaba nakula chipsi. Insha ilikuwa haina mwisho, na rafiki mmoja akaniambia kwamba wasomaji wale wanasoma insha elfu mbili, bila pigo zito hawakumbuki jina lako. Nikatafuta pigo, nikakuona wewe. Nilikuua kwa sentensi mbili na nikalala vizuri tu, ndiyo aibu yangu kubwa.

Kwenye usaili nilikutana na profesa mzee, mtu wa milimani kama sisi. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mlimzika kanisa gani?" Nikasema sikumbuki. Bibi, mtu gani wa kwetu asiyekumbuka kaburi la bibi yake? Yule mzee akafunga faili, akaniuliza habari za hali ya hewa.

Sasa shule zinahifadhi insha za mwaka jana. Nikiandika tena kwamba umekufa, nakuzika mara ya pili nikijua. Nikiandika u hai, najifunga kitanzi mwenyewe. Na nikiacha kukutaja, watauliza umeenda wapi. Imebaki wiki moja dirisha lifunguliwe. Naomba uniambie nifanye nini. Hata ukinitukana, nijibu.

Delana


Sycamore Lick, 14 Juni 2015

Delana,

Salamu zipo, zichukue.

Barua yako niliisoma mara moja, ya pili sikuitaka. Umenichuria, mtoto wewe. Mtu anamwandikia bibi yake kifo, tena kwa jipu! Ungenipa hata kifo cha heshima, cha usingizini, au nimegongwa na lori la makaa. Wiki nzima kila nikipiga chafya nilijishika kifua.

Lakini kuniua nimekusamehe. Nina miaka sabini na minane, hukukosea sana, ulikosea tarehe tu. Lisilonitoka ni lile la baba yangu. Na hapo, mjukuu wangu, ndipo nilipokwama wiki tatu na kalamu mkononi, maana uongo ule si wako. Mama yako alikusimulia, na mama yako alisimuliwa na mimi.

Ukweli ni huu. Katika bonde letu binti wa baba mwenye uwezo aliolewa na meno mapya. Dada yangu Verdie hakuyapata, na mumewe alimsema mbele za watu kila jino lilipomuuma. Mimi nikaapa sitasemwa. Mimi ndiye niliyemwomba baba. Baba hakutaka. Alisema, "Orpha, hayo ni meno mazuri, na Mungu hayatoi mara ya tatu." Nililia kweli, siku mbili, lakini nililia ili nipelekwe! Daktari akanifungua mdomo, naye akakataa. Akasema hana sababu ya kung'oa meno mazima. Nikamwambia ng'oa. Baba alisimama mlangoni amevua kofia, amekaa hivyo mpaka la mwisho.

Jumapili yake kanisani nilicheka kila kitu, hata mahubiri ya jehanamu, ili watu wayaone. Nilijuta mwaka uliofuata, mtu aliponipa tufaha. Sikumwambia Hobart. Watoto walipokuja kuniuliza meno yangu yako wapi, nikasema babu yenu alinipeleka, nikaishia hapo, wakamalizia wenyewe. Ilikuwa rahisi wamwone yeye mjinga kuliko kusema mjinga nilikuwa mimi. Alikufa nikiwa sijamsafisha.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako iliishia kwa yule profesa, yangu miaka sitini, lakini imefika.

Nifanye nini, unaniuliza. Sijui habari za shule. Najua haya mawili tu: mimi sijafa, na baba yangu hakuwa mjinga. Nakukasirikia bado. Shukuru Mungu meno ya chini sijavaa tangu Februari, la sivyo ungefika hapa ningekung'ata.

Bibi


Dayton, 21 Juni 2015

Bibi,

Shikamoo. Mama amesoma barua yako, amelia, kisha ameisoma tena.

Nami nitakujibu hayo yote, lakini si leo. Leo nimezitandaza barua zako kitandani nikazisoma moja moja. Machi, unakula mkate wa kulowekwa, vitunguu na mayai umewapa watu. Mei, sahani ya makaburini umempa mbwa, wewe ambaye hujawahi kumpa mbwa hata ngozi ya kuku. Juni, meno ya chini hujavaa tangu Februari. Miezi mitano! Kliniki mgonjwa akinitamkia hivyo, natoa kioo kabla hajamaliza sentensi. Wewe umenitamkia mara tatu, nami nilikuwa nazichambua barua zako nikitafuta jina la daktari wa mwaka 1954.

Una kidonda. Usinikatalie. Najua unaogopa, dada yako Verdie alipelekwa hospitali Lexington hakurudi hai, na wewe umejisemea kimoyomoyo kwamba asiyekwenda harudishwi kwenye sanduku. Mficha maradhi kifo humuumbua, Bibi. Ulinifundisha wewe, nikiwa nimeficha mguu uliochomwa na msumari.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumamosi tunakuja mimi na mama. Utafungua mdomo kwa hiari, au Denzil atakushika mikono.

Insha sijaipeleka. Dirisha liko wazi, na liwe wazi.

Delana


Dayton, 26 Julai 2015

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, gari limepata joto mara mbili tu njiani. Mwambie mama nimemwagilia maua yake, na asikupikie kila kitu na pilipili manga kama amerogwa.

Bado nakuona ulivyokaa pale kwenye kiti cha jikoni, unaangalia dari, unasema "ni mwiba wa samaki tu", na mimi nakumulika kwa tochi. Pembeni ya ulimi, upande wa kushoto, kingo zimekakamaa. Nilijua kabla hawajakata kile kipande cha nyama kwenda kukipima. Waliposema ni saratani hukushtuka, uliniuliza mimi kama nimekula. Daktari anasema bado ni ndogo, upasuaji ni tarehe nne Agosti, na mama atakuwa nawe Lexington siku zote. Utarudi, Bibi. Nimemuuliza mara tatu mpaka amenichoka.

Nimeandika insha upya. Iko humu, kurasa zote mbili, hesabu mwenyewe. Inaanza hivi:

"Mwaka jana niliwaandikia kwamba bibi yangu amekufa. Nilisema uongo. Alikuwa hai, na alikuwa akiniandikia barua ambazo kila moja ilinieleza, bila yeye kutaka, kwamba kinywa chake kinaugua. Nilizisoma zote. Nilikuwa natafuta habari za insha, sikumwona mgonjwa."

Ndani yake nimeandika na meno ya harusi kama ulivyoniambia. Ni siri yako ya miaka sitini, na watakaoisoma ni wageni. Wenzangu waliomba tangu Juni mosi, mimi tayari nimechelewa. Lakini usiponiruhusu siipeleki, wala sitakununia. Nitaacha tu.

Delana


Sycamore Lick, 16 Agosti 2015

Delana mjukuu wangu,

Marahaba. Nimerudi, na si kwenye sanduku. Ulimi wameupunguza upande mmoja, naongea kama mlevi, mama yako hanielewi na nimegundua ni raha. Mkono mzima, kama unavyoona. Shingo wameishona kama gunia. Kuku nimewakuta, Denzil hakuwaiba.

Insha nimeisoma na penseli mkononi. Haya ndiyo marekebisho.

Ulipoandika "baba yake", weka jina. Elzie Combs. Na uandike kwamba alivua kofia.

Umeandika nilikuwa "mhanga wa mila". Toa. Nilikuwa msichana mwenye kiburi aliyetaka kupendeza, na wamo wengi mjini huko wanaofanya hayohayo kwa fedha nyingi zaidi.

Kuna mahali umesema "nimejifunza unyenyekevu". Futa haraka. Aliyejifunza hasemi.

Pale unaposema utarudi milimani kutibu watu, una hakika? Kama huna, usiandike. Tumeahidiwa na wengi.

Hayo mengine yaache. Sikuyapenda, lakini ni kweli. Peleka.

Bibi


Dayton, 25 Oktoba 2015

Bibi,

Shikamoo. Mama anasema umeanza kula viazi vya kupondwa na unamgombeza kama zamani, tumefurahi sana. Majani huku yamepukutika. Kliniki kuna daktari mpya, ananiita "dada" kwa sababu jina langu hajalishika.

Niliomba shule tano. Ile sentensi ya kurudi milimani niliitoa, nikakaa nayo siku nne, nikairudisha. Nina hakika.

Shule mbili zimekaa kimya. Moja imenikataa kwa mistari miwili. Ya nne imeniandikia barua ndefu: nimekiri udanganyifu, kwa hiyo hawatapokea maombi yangu, si mwaka huu wala mwaka wowote. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba, nikakaa palepale.

Ya tano ni ile ya yule profesa mzee. Waliniita Alhamisi iliyopita. Nimeingia, namkuta na insha zangu zote mbili mezani, moja kulia moja kushoto. Hakunisalimu vizuri. Akauliza, "Niamini ipi?"

Nikamwambia, "Ya pili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kwanza niliipenda nilipomaliza kuiandika."

Akaandika kitu, hakuniangalia. Mwenzake, mama mmoja mkali, akaniuliza kama ningesema ukweli huu endapo nisingekamatwa. Nikasema sijui. Bibi, nilijua jibu zuri ni lipi, lilikuwa mdomoni kabisa, lakini nikasema sijui. Mama anasema nimejichimbia kaburi kwa koleo langu mwenyewe. Majibu ni Desemba mosi.

Naogopa. Ningeandika insha nyingine, ya kawaida, ya mtoto anayependa sayansi, labda sasa hivi ningekuwa na shule tatu. Unaniona mjinga?

Delana


Sycamore Lick, 8 Novemba 2015

Delana,

Marahaba. Mabomba yalipasuka, Denzil ameyatengeneza, amelipwa kwa keki ya tufaha. Lexington wamenitazama, wamesema pako safi, ila nirudi kila miezi mitatu. Mwaka huu, mwakani, na mwaka wa pili yake. Wasiponipata safi watakata tena.

Unaniuliza kama wewe ni mjinga. Sitakudanganya nikufurahishe. Mimi nimekaa na uongo wangu miaka sitini na hakuna shule iliyonifukuza. Nilikaribishwa kila harusi na kila msiba. Kwa hiyo sikuambii kwamba ukweli una malipo. Ninachojua ni kwamba Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, na huu ulimi wangu nusu, nikawaeleza watu baba yangu alisema nini mlangoni kwa daktari. Mzee Combs wa upande wa pili wa bonde, mtoto wa kaka yake baba, alilia. Nilifika nyumbani nikalala mchana kutwa.

Wakikukataa, njoo hapa. Kazi haikosekani, na mimi siogopi kukuona umeshindwa. Nilikuogopa zaidi ulipotaka kushinda kwa vyovyote.

Bibi


Dayton, 1 Desemba 2015

Bibi Bibi Bibi,

Shikamoo! Habari za nyumbani nitakupa kesho.

Simu imelia saa mbili asubuhi nikiwa nimevaa glavu, mtoto wa watu mdomo wazi kwenye kiti. Daktari kaniangalia akasema nenda. Ni yule profesa mwenyewe. Akasema kamati imebishana juu yangu kwa saa nzima, kuliko mtu yeyote mwaka huu, na yule mama mkali ndiye aliyenipigania. Akasema, "Kura zilikuwa sita kwa tano. Umeingia, lakini nitakuwa nakutazama."

Nikasema asante, nikasema asante tena, nadhani nilisema mara nane.

Kabla hajakata akasema, "Nisalimie bibi yako." Nikamwambia zitafika. Nimekaa kwenye sakafu ya stoo, katikati ya maboksi ya pamba, nikalia mpaka mama wa mapokezi akaja kuuliza nani kafa.

Hakuna aliyekufa, nimemwambia. Hakuna.

Delana


Sycamore Lick, 13 Desemba 2015

Daktari wangu,

Marahaba, na huyo mzee mwambie salamu nimezipata na nimezirudisha. Nimempigia Denzil sufuria mpaka akaja mbio na bunduki akidhani ni dubu. Mama yako ameimba jikoni asubuhi nzima, na ilibidi nivue kile kifaa cha masikio. Ndiyo, nakivaa. Usinicheke.

Kuna jambo. Ijumaa nilikuwa Lexington. Fundi wao anataka kunitengenezea meno mapya, ya kuendana na huu ulimi. Kijana mzuri, mikono yake safi. Akaniuliza nataka ya namna gani, ya kudumu au ya muda. Nikamwambia atengeneze ya kulia chakula tu, yasiwe na urembo, yafike miaka minne.

Akashangaa, mbona minne? Akaangalia faili langu, akaangalia umri wangu, akaona na zile tarehe za kurudi kila miezi mitatu. Akafunga faili, mtoto ana adabu.

Nikamwambia ya kuzikwa nayo ninaye wa kunitengenezea, anaanza shule Agosti. Nimehesabu, atamaliza Mei ya 2020, nitakuwa na themanini na tatu. Nitangoja. Ila usirudie darasa hata moja.

Bibi yako,
Orpha